Nakshi za hariri ya Kithai kwenye skrini: anzia kwenye uzi

Swali: Natengeneza picha jongefu kwa kompyuta, nipo Mombasa. Nimeona kwenye simu video ya ukumbi mmoja wa Bangkok ambako nakshi za hariri ya Kithai zimemulikwa ukuta mzima, zinatembea kwa muziki. Nikajaribu ya kwangu kwa kunakili picha za vitambaa nilizozipata mtandaoni. Imetoka safi, lakini haina uhai. Nimekosea wapi? Na nakshi ikishatolewa kwenye uzi ikawa mwanga, bado ni ya Kithai au imebaki pambo tu? Na ninaruhusiwa kuitumia?

Jibu: Dada yangu, umeanza na picha ya nguo, na hapo ndipo uhai ulipokuponyoka. Nakshi hizi hazikuchorwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Ni alama zinazoachwa na kazi: kufunga, kuchovya, kuinua nyuzi, kukaza. Ukizichukua alama ukaiacha kazi iliyozizaa, mkononi unabaki na pambo, hata projekta yako iwe ya bei gani. Wasanii wa Thailand ninaowaheshimu wameichukua kazi yenyewe wakaipeleka kwenye video, kwenye sauti na kwenye mashine, na wengine nakshi hawakuimulika ukutani kabisa. Nitawafikia. Kwanza tuitazame nguo, maana bila nguo mengine yote yataelea.

Nakisia vitambaa vingi ulivyonakili ni matmi, hariri ya Isan, yaani kaskazini-mashariki ya Thailand. Wilaya ya Chonnabot, mkoani Khon Kaen, ndiyo inayosifika zaidi kwa hariri hiyo, na mwaka 2018 Baraza la Dunia la Kazi za Mikono liliutambua Khon Kaen kuwa mji wa dunia wa ufundi huo. Katika matmi nakshi hukamilika kabla ufumaji haujaanza. Fundi huzungusha nyuzi za mshindio, yaani zile zinazopita kwa upana wa nguo, kwenye fremu ya mbao yenye upana sawa na upana wa nguo, akazigawa mafungu madogo madogo, kisha akaanza kufunga. Kila mahali pasipotakiwa rangi hufungwa barabara. Zamani kwa nyuzi za mgomba, siku hizi kwa vipande vyembamba vya plastiki. Anakwenda fungu kwa fungu, anahesabu. Nyuzi huchovywa, hukaushwa, mafundo mengine hufunguliwa na mengine huongezwa, huchovywa tena rangi ya pili, pengine na ya tatu. Mwisho mshindio huo wenye rangi zote huzungushwa kwenye vijiti, vijiti vikatungwa kwenye kamba kwa mpangilio wake, kwa kuwa kimoja kikihama nafasi, umbo zima linavunjika. Ndipo sasa mtu anakaa kwenye kitanda cha kufumia, na nakshi inajitokeza mstari kwa mstari.

Isogelee nguo hiyo hadi uone uzi mmoja mmoja. Utakuta jambo ambalo picha za mtandaoni hazikukuonyesha. Kingo za kushoto na kulia za kila umbo zimevujia, hazina mpaka mkali. Kingo za juu na chini zimekatika wazi, kwa ngazi ndogo ndogo. Sababu ni kwamba rangi hupenya kidogo chini ya fundo ikiufuata uzi kwa urefu wake, na mshindio unapopitishwa husogea kidogo kushoto au kulia. Kwenda juu au chini hauwezi, kwani huko umebanwa na mwenzake. Hilo vujio la pande mbili tu ndilo linalolifanya umbo la matmi lionekane kama linapumua. Programu ya kompyuta ukiiagiza ilainishe ukingo, inalainisha pande zote nne kwa usawa, na jicho lililozoea hariri linagundua papo hapo kwamba hapa hapakupita uzi.

Kwa hiyo usichore ua, wala usichore naga, yule nyoka mlinzi wa maji anayejirudia sana kwenye nguo za huko. Tengeneza gridi. Kila mstari wa ulalo uwe fungu moja la mshindio, nawe uamue ni sehemu zipi za mstari huo zimefungwa na zipi ziko wazi. Urudie kila mstari mara mbili au tatu, na kila marudio yasogee kushoto au kulia kwa bahati nasibu, pikseli moja au mbili, basi. Rangi nazo usizichague moja moja kwenye ubao wa rangi. Zipange kwa mfuatano wa kuchovya. Katika rangi za asili za Isan nyekundu hutoka kwa utomvu wa mdudu, njano huweza kutoka kwenye mti wa mfenesi, bluu hutoka kwenye nili. Kijani hupatikana kwa njano iliyochovywa tena kwenye nili. Kijani hicho kina njano ndani yake, na ndiyo maana kinakaa kwa amani kando ya njano ya jirani. Ukitenga tabaka za rangi kwenye programu yako na kuziacha zipandane, utaiona tofauti siku hiyo hiyo. Halafu acha nakshi ijengeke kama inavyojengeka kwenye nguo, mstari juu ya mstari, kuanzia upande mmoja. Maua yanayozunguka na kuruka hewani, ninavyoona mimi, ndiyo yanayoziua video nyingi za aina hii.

Matmi ni njia moja tu. Kuna njia nyingine ambayo mtu wa kompyuta kama wewe ataielewa haraka zaidi.

Katika kijiji cha Tha Sawang, mkoani Surin, hufumwa hariri nzito iliyochanganywa na nyuzi za dhahabu, ile ya mtindo wa kifalme. Kitambaa cha mavazi waliyovaa viongozi wa nchi za APEC, jumuiya ya uchumi ya Asia na Pasifiki, walipokutana Bangkok mwaka 2003 kilifumwa hapo. Kitanda chake cha kufumia ni kirefu kiasi kwamba imechimbwa shimo chini yake, na mmoja wa wafanyakazi huingia humo kuvuta na kupanga nyuzi za kuinulia mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo, huku wenzake wakiwa juu. Kijiji hicho kimejulikana kwa nakshi inayohitaji seti 1,416 za nyuzi hizo. Kila seti ni mstari mmoja wa nakshi: inaeleza ni nyuzi zipi za mtande ziinuke na zipi zilale. Watu wanne au watano wanahangaika siku nzima, na nguo inaongezeka sentimita chache tu. Hakuna kati yao anayelazimika kuibeba nakshi nzima kichwani. Imehifadhiwa pale, kwenye nyuzi zinazoning'inia.

Umeshaona ninakoelekea. Uzi wa mtande uko juu au uko chini. Hakuna hali ya tatu. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph-Marie Jacquard alipata haki ya uvumbuzi wa mashine ya kufumia iliyosoma nakshi kutoka kwenye kadi zenye matundu, na kadi za aina hiyo baadaye zikatumika kulisha kompyuta za mwanzo. Vitanda vya Thailand vilikuwa vinahifadhi nakshi kwa mantiki hiyo hiyo bila kadi wala mashine. Kwa hiyo anayesema kuipeleka nakshi hii kwenye kompyuta ni kuinajisi hajakaa karibu na kitanda cha kufumia. Kazi ninayotamani kuiona, na unaweza kuijaribu wewe, ni ya msanii atakayeuchukua mfuatano wa nyuzi kuinuka na kulala akaufanya mapigo ya sauti, huku nguo ikijengeka kwenye skrini kwa mwendo huo huo. Mlio wa mbao zikigongana na wa mshindio ukikazwa ni muziki tosha. Urekodi kutoka kwa mfumaji halisi, na uuache ule muziki wa kununua mtandaoni.

Huko Mae Chaem, mkoani Chiang Mai, mambo yamegeuka kabisa. Pindo la sketi za wanawake hufumwa kwa mtindo wa chok: nyuzi za rangi huchomekwa kwa mkono, moja moja, kwa kutumia mwiba wa nungunungu, na mfumaji hufanya kazi hiyo akiwa upande wa nyuma wa nguo. Uso wa nakshi unatazama chini. Mbele yake anaona mafundo na mikia ya nyuzi, wala haoni uzuri anaoutengeneza mpaka aigeuze. Fikiria ukumbi ambao mtazamaji anaingia kwa upande huo wa mafundo, na ili auone uso inambidi azunguke. Hilo ni wazo la medianuwai, yaani sanaa inayochanganya njia nyingi, lililokwisha kuwamo ndani ya nguo, linasubiri mtu wa kulichukua.

Ukitaka kuona kwamba njia ndiyo inayoipa nakshi sura yake, tazama kilichotokea mwaka 2020. Binti Mfalme Sirivannavari alitoa nakshi moja ya kulabu zenye umbo la herufi S iwe zawadi kwa wafumaji wa nchi nzima, kila mmoja aifume kwa ufundi wa kwao. Nakshi ilikuwa moja. Ilipotoka kwenye matmi ilikuwa imevujia na laini. Kwenye chok ikawa ya rangi zilizotengana, imenyanyuka juu ya nguo. Weka picha mbili za namna hiyo kando kwa kando na hutahitaji maelezo yangu tena.

Sasa swali lako la pili, kama nakshi iliyokuwa mwanga bado ni ya Kithai. Jiulize kwanza ilikuwa nini kabla. Nakshi za kifalme za Siam, jina la zamani la Thailand, kama vile miale inayofanana na ndimi za moto, ua la petali nne, na malaika aliyeunganisha viganja kwa heshima, zimo pia kwenye michoro ya kuta za mahekalu, kwenye mbao zilizochongwa na kwenye kazi za dhahabu. Enzi za Ayutthaya, mji mkuu wa kale, na mwanzoni mwa enzi za Bangkok, ikulu ilituma michoro hiyo India, na mafundi wa pwani ya Coromandel na wa Gujarat wakaipiga kwa rangi kwenye nguo za pamba, zikarudi Siam kwa meli. Nguo za daraja fulani zilitolewa na mfalme kwa maofisa wake, na nakshi ilitaja cheo cha mtu kabla hajafungua mdomo. Haikuchukua muda, mafundi wa India wakaanza kutengeneza nguo zilizofanana na zile za ikulu na kuzichanganya na ladha zao kwa ajili ya soko.

Pwani yetu nayo imevaa nguo za Gujarat kwa karne nyingi, na bahari iliyozileta ni hiyo hiyo. Ndiyo maana nguo ya kiungwana ya Siam ukiitandaza chini utaufahamu mpangilio wake bila kufundishwa: ina pindo lake na ina mji wake, kama kanga, isipokuwa haina jina, na mapindo ya ncha zake mbili ni mapana, yamepandana mistari kwa mistari. Nakshi hii basi ilikwisha kuhama kutoka ukutani kwenda kwenye mbao, kutoka kwenye mbao kwenda kwenye pamba ya India, na kurudi. Kuhamia kwenye mwanga hakuiondolei uenyeji. Kinachoiondolea uenyeji ni kuhamishwa na mtu asiyejua inasema nini na ilikuwa ya nani.

Huko Bangkok kwenyewe historia ina tabaka zake. Mmarekani Jim Thompson, aliyeifanya hariri ya Kithai ijulikane duniani baada ya Vita vya Pili na kupotea bila kuonekana tena huko Malaysia mwaka 1967, alipata wafumaji wake wa mwanzo Ban Krua, ng'ambo ya mfereji unaopita mbele ya nyumba yake. Watu wa Ban Krua ni Waislamu wa asili ya Cham, jamii inayotoka pande za Vietnam na Kambodia. Ukiambiwa hariri ya Kithai ni ya Wabudha peke yao, wakumbuke hao. Nyumba yake leo ni makumbusho, na jirani yake kuna kituo cha sanaa ya kisasa.

Kwa wasanii, nianze na Pinaree Sanpitak, aliyezaliwa Bangkok mwaka 1961. Mafuriko ya 2011 yaliua watu zaidi ya 800 Thailand. Katika mifuko ya misaada iliyogawiwa mlikuwa na kitambaa cha pamba chenye maua ya kuchapwa, kile cha kawaida ambacho kila nyumba inacho. Mwaka 2012 alikichukua kitambaa hicho akakifanya machela, akazitundika ukumbini, na kazi hiyo ikaenda hadi Los Angeles. Maua ya kitambaa hayakubadilishwa hata moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa yamebeba uzito wa mwili, na mtazamaji anajua ni mwili wa nani uliohitaji kubebwa. Miaka minane kabla ya hapo alikuwa ametengeneza maumbo laini ya hariri yenye sura ya titi, akayatandaza sakafuni, ndani akaweka mota na vihisi vya sauti. Watu wakipiga makofi au wakipaza sauti, hariri inatikisika. Hapo una uzi, umeme na sauti mahali pamoja, na hakuna skrini hata moja.

Kawita Vatanajyankur ndiye ningependa umtazame kuliko wote, kwa kuwa anatumia video kama wewe. Katika mfululizo wake wa mwaka 2018 kuhusu kazi za nguo, mwili wake mwenyewe ndio kifaa. Mbele ya ukuta wa rangi kali, za matangazo ya biashara, anapitishwa katikati ya nyuzi huku na huku badala ya kile kijiti cha mshindio. Kwingine nyuzi zinachovywa rangi pamoja naye. Inaumiza kutazama, na rangi zinavyopendeza ndivyo inavyozidi kuumiza. Ana hoja: nguo unayoisifu imepita kwenye mgongo wa mwanamke. Hajaonyesha nakshi, lakini ukitoka hapo huwezi tena kuitazama nakshi bila kumwona aliyeifuma.

Jakkai Siributr anatumia sindano. Mwaka 2004, huko Tak Bai, kusini ambako wengi ni Waislamu wa Kimalay, waandamanaji waliokamatwa walipakiwa kwenye malori wakiwa wamerundikwa, na 78 wakafa kwa kukosa hewa. Jumla ya waliokufa katika tukio hilo ni 85. Muongo mmoja baadaye Jakkai alisimika mchemraba mkubwa uliofunikwa kitambaa cheusi, ambao Muislamu yeyote akiuona anaikumbuka Al-Kaaba. Ndani yake kuna rafu, na kwenye rafu mavazi yaliyodariziwa, kwa ajili ya hao 78. Unaingia na kusimama kati yao. Kesi yenyewe ilikufa Oktoba 2024, miaka 20 ilipotimia bila mtu kuhukumiwa. Nguo bado zipo.

Nimekutajia hao ili uone kwamba swali la kuanzia ni moja kwa wote: kazi gani ilifanyika hapa, ilifanywa na mwili wa nani, nami naweza kumfanya mtazamaji aisikie vipi? Ukumbi uliouona kwenye simu siujui, na huenda ulikuwa mzuri. Ila kumulika ni njia rahisi kuliko zote, na inahitaji sababu.

Kuhusu ruhusa. Thailand imezisajili baadhi ya nguo zake kama alama za kijiografia, zikiwemo matmi ya Chonnabot, praewa, ile hariri yenye nakshi nyingi ya mkoa wa Kalasin, na pindo la chok la Mae Chaem. Usajili huo unalinda jina na mahali. Kwa hiyo ukiuza kitambaa kilichochapwa na mashine ukakiita praewa, utakuwa unadanganya na unaweza kujiingiza kwenye matatizo. Nakshi za kale zenyewe hazina mwenye haki mmoja, ila mfumaji wa leo aliyebuni yake ana haki zake. Usinakili kutoka kwenye picha ya duka la mtandaoni. Hujui ni mkono wa nani. Mtafute mfumaji, nunua kipande, mwambie unataka kufanya nini, na jina lake liandikwe kwenye kazi yako mahali lako litakapoandikwa. Wafumaji wa jamii ya Phu Thai, wanaofuma praewa, huwa na kitambaa cha kumbukumbu kilichorithiwa kutoka kwa mabibi zao, kimejaa nakshi za zamani ambazo hufumwa upya kwa kutazama humo. Kitambaa hicho ni mali ya ukoo. Kukionyeshwa ni heshima, na kukipiga picha ni jambo la kuomba kwanza.

Na kama kazi yako itamulikwa sakafuni, ondoa yule malaika aliyeunganisha viganja na chochote chenye sura ya Buddha. Kwa Wathai mguu ni sehemu ya chini kabisa ya mtu, na kukanyaga umbo takatifu ni tusi hata likiwa mwanga tu. Sakafuni weka maji, weka kulabu, weka maua. Malaika mweke ukutani, juu ya usawa wa kichwa.

Ukipata nafasi ya kusafiri, Makumbusho ya Nguo ya Malkia Sirikit, yaliyofunguliwa mwaka 2012 ndani ya eneo la Ikulu Kuu ya Bangkok, yatakupa asubuhi nzima ya kutazama. Ukikosa, anza na kipande kimoja cha matmi halisi na kioo cha kukuzia. Hesabu mistari ya umbo moja tu, andika kila mstari umefungwa wapi, kisha uiweke hesabu hiyo kwenye programu yako badala ya picha.